Mkono wa Dada

Mbio za baiskeli za wawili ni katili. Mmoja anapochanja mbuga chini, mwenzake anazunguka taratibu juu ya ukingo wa uwanja, akivuta pumzi. Zamu ikifika, aliyechoka humshika mkono anayengoja na kumrusha mbele kwa nguvu zake zote. Ukimrusha kwa huruma, umemtupa.

Kiberiti, aliyebandikwa jina hilo kwa udogo wake na hasira zake, alijua hayo kabla hajajua kujifunga viatu. Dada yake ndiye aliyemfunza. Walikuwa chanda na pete.

Siku ya mchujo wa timu ya taifa, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alimwona dada akivaa jezi kwa mkono mmoja, ameuma meno.

"Bega hilo, Dada?"

"Bega gani? Funga mdomo, ufunge na viatu."

Akafunga vyote viwili. Kocha angejua, dada angeondolewa, na kwa umri wake hakuna mchujo mwingine ambao ungemngoja.

Walianza vizuri, wakaongoza. Lakini kila dada alipomrusha, Kiberiti alisikia nyuma yake mguno mdogo, wa mtu anayemeza kilio. Zikabaki zamu chache. Kiberiti akaja kwa kasi, akaukuta mkono wa dada umenyooshwa, unatetemeka. Moyo ukamshinda. Aliushika kama anayeshika yai, akauachia.

Dada aliingia mbioni akijikongoja, wengine wakampita mmoja baada ya mwingine.

Baadaye Kocha alimchukua Kiberiti peke yake kwenye timu, akampa mwenza mpya. Dada alikuwa ameketi kwenye benchi, macho makavu.

"Ungelivunja tu. Bega hupona."

"Nilikuonea huruma."

"Najua. Ndiyo maana hata kukukasirikia siwezi." Hilo lilimuuma Kiberiti kuliko matusi.

Mazoezi yalipoanza, dada alikuja, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Hakuna aliyemwita. Alimwendea yule msichana mpya.

"Huyu mshike kiganja kizima, si vidole. Vidole humponyoka." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, mwenzio umrushe."

Kiberiti alimrusha kwa nguvu zote alizomnyima dada. Msichana akachomoka kama mshale, Kocha akapiga makofi. Kiberiti akatazama haraka kule kwenye benchi, aone kama dada ameridhika.

Dada alikuwa mlangoni, amewapa mgongo, anahangaika na kitasa kwa mkono mmoja.