Rozela kwenye Harusi ya Sitara

Hadi saa nne asubuhi ya siku ya ndoa, Sophia hakuwa na soda hata chupa moja. Mwaka ule wa themanini na moja soda zilikuwa zimeota mbawa. Alizunguka Kariakoo nzima, akafika hadi Posta, akarudi Mtaa wa Sikukuu na kreti tupu. Alasiri wangekuja watu wa bwana harusi, arobaini kwa hesabu, awape maji ya bomba! Binti yake Sitara angesimangwa ukweni maisha yake yote.

"Mama Sitara, acha kulia, bandika maji," alisema Severa, mpangaji wake wa chumba cha uani, Mchaga mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kando ya bafu alikuwa na kichaka cha rozela, maua yake akiyachemsha kwa ajili ya presha. Wakakivamia wote wawili, wakachuma hadi vidole vikawa vyekundu. Sukari ya mgawo iliyowekwa kwa chai ikamiminwa yote kwenye maua yaliyochemka, na tangawizi juu, kisha wakaipoza sharubati hiyo mtungini. Sophia alipoonja, alipiga kigelegele peke yake jikoni.

Furaha hiyo ilidumu mpaka bilauri zilipofika barazani. Mzee Mwinyimvua, ami yake bwana harusi na mkuu wa msafara, aliitazama ile rangi, akauliza nani katengeneza. Akaambiwa.

"Mchaga kachemsha kitu chekundu, nami ninywe? Mvinyo huu!" Akaiweka bilauri mkekani, na wenzake wote wakaweka zao.

Nyuma ya pazia, Sophia aliziona zote zikiwekwa. Severa hakungoja. Alichomoka uani na tawi zima la rozela, kanga ikimteleza kichwani, akapita katikati ya kanzu zote.

"Shikamoo, mzee! Tafuna."

"Marahaba," alijibu mzee, na kwa kuwa ua lilishafika mdomoni, akatafuna. Uso ukamkunjamana kwa uchachu. Halafu akalitwaa lile tawi.

"Si dawa ya kikohozi ya marehemu mama hii? Kule Kisiju ilikuwa mlangoni kwetu!" Akainywa bilauri yote, akadai nyingine, na baraza zima likamfuata kwa kelele hadi shehe akaomba watulie afungishe ndoa.

Jioni teksi ilipiga honi, maharusi wakiwa ndani wanangoja. Sophia alimkuta mzee uani, kapiga magoti na kanzu yake nyeupe, anamsaidia Severa kutafuta mbegu zilizokauka.

"Mkwe, wanakungoja!" Sophia alimwita huku akicheka waziwazi mbele ya wakwe.

"Wangoje," alisema mzee bila kugeuka. "Mke tumeshampata, bado mbegu."