Mzee Lalit Si Mgonjwa

Mume wangu Makori ana kazi nzuri, ila akibisha mlangoni kwako huwezi kumkaribisha chai kwa moyo mweupe. Anatengeneza filamu za maisha ya watu. Na watu wenyewe, kwa bahati mbaya, huwa wameshakufa.

Alianza na Mzee Manasseh wa Itumbe, mkulima wa chai aliyefariki na kuacha picha tele na watoto wasioelewana juu ya lolote. Makori alizipanga zile picha, akawahoji majirani, akaweka sauti yake nzito ya kanisani, na siku ya mazishi skrini ikatundikwa ndani ya hema. Watu walilia, wakacheka, wakalia tena. Mjane aliomba irudiwe. Tangu hapo ni nadra familia ya kutoka Nyansiongo hadi Kisii mjini kumzika mtu wa maana bila kumpigia Makori simu. Mimi Edinah, mkewe, ndiye mshika maikrofoni.

Sasa jaribu kuishi na mtu kama huyo. Tukienda sokoni Nyakoe kununua ndizi, Makori akitoa simu tu, mzee fulani anageuza uso na kuuliza, "Nani amekutuma?" Mama yangu mzazi hataki hata apigwe naye picha ya Krismasi. Anasema mkwe wake anampenda sana, lakini ile mashine aiache kwao.

Mwaka jana Makori akaniletea jambo jipya tukiwa mezani.

"Mama Haron, nataka kutengeneza filamu ya mtu aliye hai."

Nikamwambia amalize ugali kwanza.

"Sitanii," akasema. "Kwenye ile filamu nilisema Manasseh alipenda kuimba. Baadaye mjane akaniambia marehemu hakuwahi kuimba, hata kwenye harusi yake. Sasa nani angenikosoa? Mwenyewe alikuwa kwenye jeneza. Mimi nataka mtu wa kuniambia, wewe Makori, hapo umedanganya."

Basi akaanza kutafuta. Pasta alikataa papo hapo. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alisema ataliombea hilo jambo, kisha akazima simu. Aliyekubali ni Mzee Lalit wa duka la vitambaa pale Kisii mjini, duka lililofunguliwa na babake alipotoka India. Lalit alizaliwa katika vyumba vya juu ya duka hilo na anaishi humo mpaka leo na mkewe, Mama Manju. Anauza vitambaa vya sare za shule, vifungo na zipu, na Ekegusii chake, lugha yetu ya hapa, ni kizuri kiasi kwamba wateja humtukana kwa hicho hicho, hawahangaiki na Kiswahili.

"Mimi siogopi kamera yako," alimwambia Makori. "Lakini nina sababu yangu. Hiren, mwanangu, anataka nifunge duka tuhamie kwake Nairobi, kwenye nyumba yenye lifti. Manju amechoka na ngazi. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Nikifunga hapa, kuna mtu wa Kisii atakayesema tumempoteza mtu wetu? Au watasema duka limefungwa, twende lile lingine?"

Alisema akicheka, lakini hakututazama. Mimi nilimhurumia pale pale.

Tukaanza kuhoji watu, naye Lalit akiwa hapo hapo kaunta anasikiliza. Maajabu! Sylvanus, muuza magazeti wa pale mlangoni, alisema, "Huyu? Amesoma magazeti yangu bure tangu nikiwa na nywele." Mwalimu Ishmael, mnunuzi wa vitambaa vya shule yake, akasema kitambaa cha Lalit hupauka kabla mtoto hajajua kusoma. Kisha akaja Mong'ina, fundi wa nguo wa Nyakoe, mama mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe. Amenunua kwa Lalit tangu ujana wake.

"Mita yake ina kasoro," aliiambia kamera. "Nimeilinganisha na yangu. Labda imeliwa na panya."

Lalit akamjibu kwa Ekegusii jambo ambalo sitaliandika hapa, na duka zima likaangua kicheko.

Lazima nieleze. Kwetu mtu hasifiwi machoni pake. Ukimsifu mtu mzima mbele za watu, utaulizwa unataka nini kwake. Sifa zina mahali pake, na mahali pake ni matanga. Hapo mtu aliyegombana na marehemu miaka yote atashika maikrofoni na kumpamba mpaka umshangae. Lalit amekulia hapa, analijua hilo vizuri. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kuketi mbele ya kompyuta ya Makori ukiwasikia tena watu wale wale wakikuchambua mmoja baada ya mwingine ni kingine. Mwanzoni alicheka. Alipofika kwa Mong'ina, alikuwa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Basi," alimwambia mkewe. "Mwambie Hiren tutaenda kuiona hiyo nyumba."

Mama Manju ndiye aliyekuwa akiitaka lifti, lakini hata yeye hakufurahi. Sisi tulifungasha vyombo vyetu.

Tungeishia hapo, kama si gari letu. Limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa: Makori, Filamu za Maisha. Mtu fulani alilipiga picha likiwa limeegeshwa nje ya duka, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa na maneno haya: "Tuzidi kuiombea familia ya Mzee Lalit katika kipindi hiki kigumu." Hajamuuliza mtu, hajabisha hodi. Habari ilipofika Nyamira, Lalit alikuwa ameshapelekwa India na madaktari wamemrudisha wakisema akae tu na watu wake.

Watu wakaanza kumiminika. Tulikuwa tumerudi kuchukua picha za mwisho za rafu na majora ya vitambaa, tukamkuta Sylvanus ameleta gazeti mwenyewe mpaka kaunta. "Soma, mzee," akasema kwa upole, "soma hata kurasa za michezo." Mwalimu Ishmael alikuja amevaa tai. Mtu mmoja alinunua zipu asiyoihitaji, akaondoka akipangusa macho.

Mimi na Makori ndio tuliokuwa tukinong'onezwa habari hiyo mlangoni. Makori alikanusha, Mungu ni shahidi. "Mzee si mgonjwa," aliwaambia.

"Ndiyo, tunaelewa," walijibu, wakiinamisha macho.

Utafanya nini na watu kama hao? Lalit akipanda ngazi kuteremsha jora, mtu anasema, "Angalia anavyojikaza, maskini." Alikohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, wanawake wawili wakatoka nje kulia. Alivyozidi kuonekana mzima ndivyo walivyozidi kumwonea huruma. Yeye mwenyewe hakujua lolote. Alidhani kamera imewalainisha.

Na mbele ya hiyo kamera wakafunguka. Mong'ina alikuja na mkungu wa ndizi kichwani na nguo za kanisani mwilini, siku ya katikati ya wiki.

"Nilikuja hapa msichana tu, nimepewa cherehani na mjomba, kola ya shati siijui," alisema. "Nikamuuliza kola inashonwaje. Alivua shati lake, lile alilokuwa amevaa mwilini, akaifumua kola kwa wembe hapo juu ya kaunta, akanionyesha kipande kwa kipande. Alishinda na fulana siku nzima, Mama Manju akimgombeza. Nguo zote nilizoshona Nyakoe, kola zake zimetoka kwa lile shati. Huyu alikuwa mtu wetu." Akashindwa kuendelea, akajifunika uso na leso.

Jioni Lalit alitazama yote hayo. Alilia waziwazi, kisha akampigia Hiren simu mbele yetu. "Siendi mahali," akasema. "Hiyo lifti panda wewe."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilingoja tu tuingie garini.

"Baba Haron, umeona ulichofanya? Mzee anamkatalia mwanawe kwa ajili ya maneno ya matanga!"

"Maneno yenyewe ni ya kweli."

"Yawe ya kweli, yasiwe ya kweli, wanadhani anakufa! Na wewe uliendelea tu kurekodi, macho yanakung'aa!"

Aliendesha mpaka nyumbani. Alipozima gari akasema, "Kesho tutamwambia." Na hiyo kesho ilipofika, unadhani nani alisema? Makori alianza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Ikabidi niseme mimi.

Lalit alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo zile ndizi zilikuwa za mgonjwa," akasema.

"Ndiyo maana wananishika mkono kila saa," akasema Mama Manju. "Mimi nilidhani wamejua tunahama."

Lalit akaketi juu ya jora la khaki. Nilimwona akizeeka hapo mbele yangu. "Nikiwa mzima mita yangu imeliwa na panya," akasema. "Sawa. Manju, nipe simu nimwambie Hiren nilikuwa natania."

Kabla hajapewa simu, Mong'ina akaingia kwa kunyata, akamwinamia Mama Manju sikioni. "Ameamkaje leo?"

Lalit akasimama. "Mong'ina, mimi si mgonjwa. Sijawahi kuwa mgonjwa. Ni gari la huyu kijana tu."

Mong'ina alimtazama kutoka kichwani mpaka viatuni. Akamgeukia Makori, akarudi kwake.

"Hata kidogo?"

"Goti tu, kukiwa na baridi."

"Na ndizi zangu?"

"Tumezila."

Lo! Wateja waliokuwa mlangoni walirudi nyuma.

"Wewe mzee huna haya!" Mong'ina alifoka. "Nimefunga kwa ajili yako! Nimesimama mbele ya kanisa nikakuombea! Nimelia kwenye kamera mpaka kamasi zikanitoka, dunia nzima itaona, na wewe uko hapa unakula ndizi zangu? Usiku silali, najiuliza nitanunua kwa nani. Yule wa duka lingine hata jina langu halijui. Ukimwambia mita yake ina kasoro, anaita askari! Nilikuwa nimeshaamua cherehani niiuze, niache hii kazi. Mtu unanifundisha kola, unanizoesha matusi yako, halafu unataka kufa bila hata kuniambia!"

"Lakini sifi," alisema Lalit.

"Usinijibu!"

Alikuwa analia tena, na safari hii kwa hasira. Akajifuta kwa kiganja, akapiga kaunta. "Makori, yale maneno yangu ya jana yafute. Na wewe leta khaki. Na uivute vizuri, nakuangalia."

Lalit alilileta jora. Akalikunjua juu ya kaunta, akapima.

"Imepungua," akasema Mong'ina.

"Haijapungua."

"Rudia."

Akarudia. Walibishana juu ya khaki ile mpaka chai ya Mama Manju ikapoa. Mimi nilikuwa nimewasha maikrofoni bila kuambiwa, na nilipogeuka niliona kamera ya Makori nayo inafanya kazi.

Mong'ina alipoondoka na kitambaa chake, bado akilalamika huko barabarani, Lalit alivuta kiti akaketi karibu nasi.

"Weka hii," alimwambia Makori. "Weka na zile za kwanza zote, magazeti, kitambaa kinachopauka, panya, kila kitu. Hiyo ndiyo filamu yangu. Hiren aitazame ajue kwa nini nabaki."

"Na ngazi?" aliuliza Mama Manju.

"Tutatafuta nyumba ya chini, Manju. Hapa hapa Kisii. Nakuahidi."

Mama Manju akasema atashuka hizo ngazi kwa mara ya mwisho Hiren atakapokuja kubeba kabati.

"Na zile za watu wakilia, mzee?" Makori aliuliza. "Nizifute kama Mong'ina alivyosema?"

"Wewe, usizifute! Zihifadhi. Siku yangu ikifika utazihitaji, si ndiyo kazi yako?"

Nilingoja Makori aseme sawa. Familia zote huwa anaziambia sawa, hata mjane akiwa amezimia huwa anauliza waya wa stima uko wapi. Lakini aliweka kamera chini.

"Siku hiyo tafuteni mtu mwingine wa kurekodi," akasema.

"Kwani wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa nimeketi kule mbele, mzee. Na wafiwa."