Cha Mtungini

Tangu aolewe katika boma la mzee Manzolwandle, Zoleka hakuwahi kutamka neno "maji". Lilikuwa ndani ya jina la baba mkwe, ambalo kwa lugha yao ni maji ya bahari, na mke wa mwana halitaji jina la mkwe, hata kipande chake. Yeye alisema "cha mtungini". Ulimi ulishazoea, hata mwanawe mchanga alimwogesha kwa cha mtungini.

Mzee aliporuhusiwa kutoka hospitali ya wilaya, moyo wake ukiwa umechoka, daktari alimwambia Zoleka, "Vidonge peke yake havitoshi, mama. Mpunguzieni maji, yasije yakamjaa mpaka kifuani."

Mume wa Zoleka alikuwa mbali migodini, na yeye asubuhi hupika katika jiko la shule. Basi mzee alishinda na MaDlomo, mmoja wa akina mama wa kanisa wanaouguza wagonjwa majumbani. Zoleka alimwagiza mlangoni, mtoto mgongoni, akimwita mkwe "Tata", yaani baba.

"Mama, daktari amesema Tata apunguziwe cha mtungini."

"Nimesikia, makoti. Nenda, watoto wa watu wanangoja uji," akajibu MaDlomo, akimwita "makoti" kama aitwavyo mke wa mwana.

Haukupita muda miguu ya mzee ikavimba, viatu vikamkataa. Sista Vuyokazi, muuguzi wa zahanati, akabonyeza kifundo, kidole kikaacha shimo.

"Hao wa hospitali wamempa vidonge vya kitoto," akasema.

Zoleka akapiga simu hospitali. "Waulize zahanati kama wanampa ipasavyo," wakamjibu. Na MaDlomo naye, "Mimi nafuata nilichoagizwa." Walisemeshana kupitia kwake kama wake wenza walionuniana.

"Akizidi kuvimba, anarudi wodini," Sista alionya.

Zoleka akahesabu siku. Mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya mbuzi wa mtoto, na babu ndiye wa kumtambulisha mjukuu kwa wahenga. Mzee huyu alikuwa amemchongea mtoto kijiko kabla hajaota jino. Akilazwa, nani atasema na wahenga? Na kama hatarudi?

Jioni ile mzee aliusukuma ugali wake pembeni.

"Makoti, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Tata."

"Mbona umeninyima mtindi? Nashindia ugali mkavu, na yule mama wa kanisa ananinywesha maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni."

Zoleka akaweka sahani chini. "Anakupa mengi?"

"Jagi zima. Anasema ndiyo ya kunifariji."

Asubuhi alimngoja MaDlomo langoni. "Mama, kwenu cha mtungini ni nini?"

"Makoti, umeamkaje wewe? Ni kile cheupe, cha kumwagia ugali. Jina la mkwe wangu limekaa humo, silitaji."

"Kwetu ni kile cha kunawia."

MaDlomo akakaa juu ya jiwe, polepole. "Na mimi najaza jagi kwa huruma yangu."

Zoleka hakumlaumu. Alimwita Sista, akamwomba ampigie daktari na simu isikike chumba kizima, kando ya kitanda cha mzee.

"Leo semeni wenyewe kwa wenyewe," akasema. "Mimi nimechoka kuwa njia."

Walipoeleza yote, daktari akasema, "Kumbe vidonge havina kosa."

"Hata zahanati haina," Sista akadakia.

"Kanisa linalo kidogo," MaDlomo akanung'unika, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Makoti," mzee akasema, "litaje tu. Jina ni langu, nakuruhusu."

Zoleka akafungua kinywa. Midomo ikakutana, ikagoma hapo. "Siwezi, Tata. Kulitaja ni kama kukukanyaga."

"Basi asilazimishwe," daktari akasema. "Sista, katika nyumba hii tusemeje?"

"Cha mtungini, daktari. Na cha MaDlomo tuseme cheupe."

Wakachagua kikombe cha kupimia, daktari akisema kijazwe mara ngapi, MaDlomo akirudia, Sista akihakikisha. Kuanzia siku hiyo hospitali na zahanati wakawa wanapigiana simu wenyewe, na MaDlomo hupewa nafasi ya kusema kwanza, maana ndiye aionaye miguu kila siku.

Uvimbe ukashuka. Siku ya mbuzi, mzee alisimama zizini kwa viatu vyake, mjukuu mikononi, akawataja wahenga mmoja mmoja bila kukatika pumzi. Zoleka alisimama mbali kidogo kama ipasavyo, uso umemlowa.

Simu ya Sista, aliyealikwa pia, ikalia. Ilikuwa sauti ya daktari, kwa uangalifu wa mgeni anayevua viatu mlangoni: "Tata, leo kuna sherehe, najua. Tafadhali usizidishe cha mtungini."

Mzee akamgeukia Zoleka. "Unasikia, mwanangu? Nilikuwa na makoti mmoja. Sasa hata hospitali imeolewa hapa."