Elfu Tisa za Mbegu

Ndoo ya viazi ilikuwa yangu. Niliichagua asubuhi, kiazi kwa kiazi, nikaipeleka kanisani Kibirichia iwe sadaka ya mavuno. Kufika saa sita, mume wangu Mwongera alikuwa anainunua mnadani kwa elfu sita.

"Saba!" akapaza sauti Gitari, jirani yetu. Hao wawili wameshindana tangu shule ya msingi.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kwenye simu ya Mwongera kulikuwa na elfu tisa tu, pesa ya magunia matatu ya mbegu safi tuliyopanga kuchukua Jumatatu. Mwaka jana tulipanda masalio ya stoo, ugonjwa wa mnyauko ukala zaidi ya nusu ya shamba. Tangu hapo nina sheria yangu: tukiuza viazi, nachemsha chai, naketi, na pesa haiendi popote kabla kikombe hakijaisha. Ya mbegu inatoka kwanza, halafu ya karo, halafu ya kanisa. Wanawake wa kikundi huniita bahili wa chai. Waniite. Mia kwa mia, miezi saba, ndivyo nilivyozifikisha hizo elfu tisa.

"Nane!" akasema Gitari.

"Tisa!" Mwongera akasimama, kifua mbele.

Nami nikasimama. "Muthamia," nikamwambia mwendesha mnada, "hiyo tisa futa."

"Ai, Mama Kinya! Wacha mzee apate baraka zake!"

"Baraka zake ziko shamba, zinangoja mbegu. Na hiyo ndoo tumeileta sisi. Viazi kama hivyo viko kwa stoo, atakula jioni bila mnada."

Kanisa zima likacheka. Ndoo ilimwendea Gitari kwa elfu nane, naye akaipokea kama mtu aliyetegwa.

Nje Mwongera alinikazia macho. "Umeniaibisha. Sasa watasema nimekaliwa na bibi."

"Waseme. Mwaka jana tukikopa unga, nani kati yao alituletea hata kilo moja?"

Aibu niliiona usoni mwake, na nilimhurumia kweli, lakini msamaha sikuomba na siombi. Jumatatu tulienda Kiirua kuchukua mbegu. Njia nzima alinipa mgongo. Magunia aliyabeba yeye, yote matatu. Akitaka anune mpaka mavuno.