Dakika za Udongo

Ijumaa ile nilikuwa na muda hadi machweo tu. Sisi Wasabato kazi zetu huishia hapo. Fundi bomba Erasmo alikuwa amekaa juu ya pikipiki nje ya karakana yetu ya vifaa vya mpira hapa Same, akisubiri washa kumi na sita za mpira, za kuzibia maungio ya bomba la maji la Vudee, kijijini kwetu. Bomba hilo lilikuwa limefungwa wiki mbili. Washa za mwanzo, za mpira mtupu, zilikuwa laini mno. Maji yakija kwa nguvu, zilichomoka. Mama yangu, anayeishi huko, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa akishuka korongoni na ndoo.

Mimi ndiye niliyemshawishi bosi wangu, Majaliwa, tuchanganye mpira na udongo mweupe uliochekechwa vizuri. Katika darasa la jioni nilijifunza kwamba udongo huuongezea mpira ugumu.

Saa nane tukafungua kalibu, chuma cha kuumbia na kupikia washa. Nikabonyeza washa ya kwanza, ukucha ukazama. Ilinata.

“Eliwaza, hii ni bigijii,” Majaliwa alisema. “Wapelekee Vudee watafune.”

“Dada, niondoke au nitandike mkeka?” Erasmo aliita kutoka nje.

Niliinamisha kichwa, nikamwambia Bwana kwamba nimekosea na sijui wapi. Kisha nikafungua daftari. Nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu: udongo hunyonya sehemu ya dawa inayoharakisha mpira kuiva, hivyo huhitaji muda zaidi. Nami nilikuwa nimepika kwa dakika kumi zilezile za mpira mtupu!

“Kaka, tuzirudishe motoni. Dakika ishirini zaidi.”

“Zikiharibika?”

“Nitafagia karakana mwezi mzima.”

“Si unafagia tayari?”

Lakini alizirudisha. Nilisali dakika zote zile, macho wazi, mkono kwenye meza.

Tulipofungua, ukucha uliteleza. Majaliwa akaikunja washa moja, akaiachia. Ikarudi ilivyokuwa, bila ufa.

“Mpe Erasmo,” alisema, akaenda kunawa.

Jua lilikuwa limebaki kidogo sana simu ilipolia.

“Tumefungulia maji yote,” alisema Erasmo. “Maungio makavu kabisa. Ongea na mama yako.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nimekinga ndoo mlangoni kwangu. Sasa unalia nini? Sabato inaingia, nenda kaoge.”