Yatima wa Miaka Sabini

Asubuhi ile Mayi Zione alikuwa ameshika kikombe cha chai mkono mmoja na kaptura iliyolowa mkono wa pili. Kituo cha misheni pale kwenye vilima vya Dedza kilikuwa na watoto yatima thelathini na wanane, wapishi wawili, na yeye mlezi wao. Hodi ikapigwa.

Alikuwa bibi kizee, mkavu kama ukuni, kamshika mkono kitoto cha kike cha miaka minne. Vumbi jekundu lilikuwa limewapanda hadi magotini.

"Huyu ni Takondwa," bibi akasema. "Mama yake, binti yangu, tulimzika mwaka jana. Baba hatumjui hata kivuli. Nimemlea mpaka nguvu zimeniishia, mwanangu."

Mayi Zione aliwakaribisha mkekani, akaandika jina la mtoto, la kijiji, la chifu. Alipotaka kuweka kalamu chini, bibi akamgusa goti.

"Sasa niandike na mimi. Jina langu Nangozo."

"Nikuandike vipi, Agogo, bibi yangu?"

"Hapa si kwa wasio na baba wala mama? Baba yangu kafa. Mama yangu kafa. Yatima kunizidi mimi umemwona wapi?"

Mayi Zione alicheka hadi chai ikamwagika. Bibi hakucheka. Ndipo alipotambua kwamba hapakuwa na mzaha, akaweka kikombe chini.

"Sheria ni watoto tu, Agogo. Sikuitunga mimi. Kula kwanza, upumzike. Jioni nitakutafutia mtu wa baiskeli akurudishe."

"Haya," bibi akasema, akanyoosha miguu.

Baada ya chakula cha mchana, nsima, ugali wa huko, na maharagwe, ilifika saa aliyoiogopa Mayi Zione, saa ya kuwalaza wadogo. Kila siku ilikuwa vita. Siku hiyo kulikuwa kimya, na kimya kile kikamtia hofu. Alitoka mbio akidhani wametorokea mtoni.

Walikuwa nyuma ya jiko. Bibi alikuwa akibambua karanga, watoto wamemzunguka kama vifaranga.

"Nina jirani, tangu nizaliwe sijamwona uso!"

"Kisogo!" akajibu Yamikani, msichana wa miaka sita ambaye tangu aletwe alikuwa akimng'ata kila amsogeleaye. Sasa alikuwa amemlalia bibi pajani, mdomo umejaa karanga.

Mayi Zione aliegemea ukuta. Machozi yalimlenga, na hakujua ni ya uchovu au ya raha.

Jioni Padri Fransisi alifika na pikipiki yake.

"Mayi, huyu ni nani? Tumeanza kupokea na wazee?"

"Nimemwomba abaki, Bambo."

"Lakini sheria..."

"Sheria inasema watoto walelewe kama nyumbani. Nyumba gani ya kwetu isiyo na bibi?"

Padri alijikuna kichwa. Agogo Nangozo alimtazama kwa upole.

"Ukinifukuza nitakwenda, Bambo. Ila huyu aliyenilalia hapa, utambeba wewe mpaka kitandani."

Padri akamtazama Yamikani, akaficha mkono wake mfukoni.

"Abaki," akasema upesi.

Basi akabaki. Aligombana na wapishi juu ya unga wa karanga kwenye majani ya maboga, akashinda. Wakati wa mvua, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, Mayi Zione aliwaacha watoto na bibi, akaenda kwenye harusi ya mdogo wake, akalala huko siku mbili. Alicheza ngoma hadi viatu vikakatika.

Aliporudi, watoto walimkimbilia getini. Vichwa thelathini na tisa viling'aa juani, vimenyolewa upara.

"Agogo! Umefanya nini?"

"Walikuwa na chawa," bibi akajibu, wembe mkononi. "Hebu kaa hapa, mwanangu, nikutazame na wewe."

Mayi Zione akavua kitambaa, akakaa.