Muhogo wa Maji Yaleyale

Mama Pacha alifunua ndoo, harufu ikampiga usoni. Muhogo ulikuwa umelowa katika maji yaleyale tangu juzi, na povu lilikuwa limeanza kutanda juu. Aliubonyeza kwa kidole gumba. Bado mgumu. Ulikuwa ule muhogo mchungu ambao hata nguruwe pori huupita, na ndiyo maana vibarua wa shamba la maua waliupanda nyuma ya kambi yao. Ukiulowesha na kuubadilishia maji mpaka ulainike, ni chakula. Ukiufanyia haraka, unaua, na ulishaua mtu humohumo kambini.

Alichukua ndoo tupu akaenda bombani. Mlinzi, ambaye kambi nzima ilimwita Kufuli, alikuwa ameketi kwenye kigoda, koki katikati ya magoti yake.

"Kaka, ndoo moja tu."

"Limefungwa, dada. Bosi ana wageni. Bustani inyweshwe kwanza."

"Ni ya kubadilishia muhogo. Watoto hawajala tangu jana."

"Si uwapikie hivyohivyo?"

"Wewe umekulia muhogo huuhuu, kaka. Unajua."

Kufuli alitazama pembeni. Alijua, mshenzi yule, alijua vizuri sana.

"Nikikufungulia, kesho na mimi niko nje ya geti. Nenda, dada, usiniponze."

Aliporudi, wanawe pacha walikuwa wameshawasha moto bila kutumwa. Alikata vipande vyembamba, akavibanika mpaka vikaanza kuungua, akavipanga kwenye sinia. Siku zote wanawe walikula kwanza, yeye akafuata na makombo. Leo aliwasukuma nyuma.

"Leo naanza mimi."

"Mama, unakula peke yako?" mmoja aliuliza huku machozi yakimtoka. Mwenzake alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mwizi.

Alitafuna kipande kizima. Uchungu ukamkaa kooni. Akafunika sinia kwa mkono, akasubiri aone kama utamdhuru. Ng'ambo ya ukuta mipira ya maji ilikuwa ikimwagia majani ya bosi, maji mengine yakikimbilia barabarani.

Kichwa kilianza kumzunguka. Labda ni njaa tu. Yeye mwenyewe alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi.

"Tayari, mama?"

Alifungua mdomo ajibu, akakuta hajui. Mkono mdogo ukapenya chini ya wake, kuelekea kwenye sinia.